Bado Nadaiwa, Bado Naomba

Ukisali Moshi kwa muda wa kutosha utagundua kwamba ushuhuda una majira yake. Mtu hasimami mbele ya usharika kusema Bwana ni mwema huku mkopo ukiwa bado umemkaba koo. Husubiri. Husimama nyumba ikishaezekwa, mtoto akishapata chuo, gari likishaegeshwa pale nje ambapo kila anayetoka ibadani ataliona. Hapo ndipo husimulia, tena huanzia mwisho na kurudi nyuma, kiasi kwamba kila shida aliyopitia inaonekana ilikuwa imepangwa na kupigiwa mstari. Sisi tulioketi kwenye mabenchi tunaitikia Amina, vigelegele vinapigwa, kisha baadhi yetu tunarudi nyumbani tukijiuliza mbona Mungu wa yule ana haraka kuliko wetu.

Mimi nimeamua nisisubiri. Nilikuwa mhasibu msaidizi, sasa ni mkaangaji wa kahawa, na sijui kama mambo yatakaa sawa. Gari sina. Mashine ya kukaangia ninayo, lakini sehemu yake kubwa bado ni mali ya kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopa.

Kazi ya kwanza iliisha bila kisa kikubwa. Kampuni ya mikopo niliyokuwa naifanyia hesabu ilihamishia uhasibu wote makao makuu, nasi wa tawini tukapewa barua, mafao na soda. Sina kinyongo. Hesabu zao nilizijua, na ningekuwa mimi mwenye kampuni pengine ningefanya hivyohivyo. Kilichonisumbua ni umri. Nimevuka miaka 40, na hapa mjini matangazo ya kazi yanataka kijana mwenye uzoefu wa mzee.

Basi salamu zikaanza kumiminika. Shemeji, jirani, akina mama wa jumuiya, hata kijana wa bajaji anayenirudisha Pasua: "Mungu atafungua mlango mwingine, mama." Na kwenye simu ni Yeremia 29:11 asubuhi, Yeremia 29:11 jioni, imeandikwa juu ya picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, jua linapochomoza. Kwamba Bwana anayajua mawazo anayotuwazia, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Kwa kuwa nilikuwa na muda, kitu ambacho mwajiriwa huwa hana, nikaisoma sura nzima.

Nanyi isomeni nzima. Ile ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli. Kabla hajafika kwenye mstari huo tunaoupenda, anawaambia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuzaa, tena wauombee amani mji uleule uliowateka. Na mstari wa 10, ambao sijawahi kuuona kwenye picha ya Kibo, unasema itachukua miaka 70. Mtu wa umri wangu aliyesomewa barua ile aliambiwa waziwazi kwamba yeye harudi. Atazikwa Babeli. Watakaorudi ni wajukuu.

Sura inayotangulia ina nabii mwingine, Hanania, na huyo ndiye ambaye leo angejaza uwanja. Yeye alisema miaka miwili tu: nira ya mfalme wa Babeli itavunjwa, mateka watarudi na vyombo vya hekalu vitarudi. Akaitwaa ile nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja mbele ya watu. Naye Yeremia, na hapa ndipo ninapompenda, hakumrukia. Aliitikia Amina, Bwana na afanye hivyo. Akaongeza kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana neno lake likitimia. Kisha akaenda zake.

Tangu nisome hayo, nikiambiwa mlango utafunguka huitikia Amina kwa moyo wote, halafu nami huenda zangu kutafuta cha kupanda.

Cha kupanda kikawa kahawa, ingawa si kwa jembe.

Nimezaliwa Machame, kwenye kihamba, shamba la ukoo, migomba juu na mibuni chini yake. Kahawa ndiyo iliyomsomesha baba mpaka darasa alilofika, na ndiyo iliyonunua mabati ya kwanza ya nyumba ya babu. Walioileta huku mlimani ni wamisionari Wakatoliki wa Kilema, mwishoni mwa karne ya 19. Wamisionari wetu wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na haukupita muda mrefu mibuni ikawa kwa wa huku na kwa wa kule, jambo moja ambalo madhehebu hayakugombania. Mwaka 1933 ikaundwa KNCU, muungano wa ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, na wazee wa kwetu mpaka leo wakiitaja wanakaa vizuri kwanza kwenye kiti. Halafu mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukiwagawia nchi zinazouza kahawa mgawo wao ukavunjika, bei ikaporomoka dunia nzima, na wajomba zangu wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya. Nilikuwa mtoto. Mambo ya mgawo sikuyajua, ila nilijua kwamba Krismasi ilikuja bila nguo mpya.

Na miaka yote hiyo nyumbani hatukunywa kahawa. Tulikunywa chai. Tulichuma mbivu nyekundu, tukaimenya jioni ileile kwa mashine ya mkono, tukaichachusha, tukaiosha, tukaianika kwenye vichanja, tukaipeleka chamani, ikaondoka. Kwetu ladha ya kahawa ilikuwa ada ya shule.

Sasa kuna kijana mmoja hapa mjini, ningeweza kumzaa kama ningewahi kidogo, ambaye ana karakana ndogo ya kukaanga kahawa. Alihitaji mtu wa kumwekea vitabu vya hesabu siku chache kwa wiki. Nilikwenda kwa ajili ya vitabu, nikakuta meza ya kuonjea.

Kuonja kahawa kuna taratibu kali kuliko nilivyodhani. Unapima gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji ya moto ambayo yamekwisha kutulia kuchemka. Unasubiri dakika 4. Unavunja utando wa juu kwa mgongo wa kijiko huku pua iko karibu kabisa na kikombe, unaengua povu, unaacha ipoe, kisha unaivuta kutoka kijikoni kwa nguvu ili isambae mdomo mzima. Kwa sauti! Mimi mjukuu wa mwinjilisti, niliyelelewa kwamba mtoto anayekunywa uji kwa kelele huondolewa mezani, nikawa nasimama mbele ya kijana navuta kahawa fyuuu. Halafu unatema kwenye kopo. "Mama, tema," ananikumbusha, "ukimeza zote leo hulali." Kila kikombe kinapewa alama juu ya 100. Inayofika 80 ndiyo inayohesabiwa kuwa kahawa maalumu, na hapo bei yake inaachana na za wenzake.

Kwa muda mrefu vikombe vyote kwangu vilikuwa kahawa tu. Yeye anasema hiki kina ndimu, hiki kina sukari guru, hiki kilichachushwa kupita kiasi. Mimi naonja uchungu na joto. Siku moja nikamwambia, "Mwanangu, mimi hapa naona kahawa." Akacheka. "Andika hivyohivyo, mama," akasema, na kweli nikaandika kwenye fomu: kahawa.

Hapo ndipo imani iliponifaa, na haikunifaa kwa namna niliyofundishwa kuitarajia. Nilikuwa nimeombea mlango. Mlango ulifunguka, na nyuma yake kulikuwa na kijana ananifundisha kutema. Sasa uombe nini? Maombi yetu mengi ya kazi yanaishia kizingitini: nipate, niitwe, nichaguliwe. Ya mtu aliyekwisha kuingia ambaye hajui afanyalo hatuna kwa wingi. Nikayatunga ya kwangu. Nilisimama jikoni alfajiri na kipande cha ndimu, kipande cha chungwa na kijisukari guru kwenye sahani, naonja kimoja kimoja nimefumba macho, namwomba Mungu anifundishe ulimi. Mwanangu mdogo alinikuta hivyo akamwita baba yake.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, kuna mtu anaitwa Bezaleli, mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Mungu anamwambia Musa kwamba amemjaza mtu huyu roho ya Mungu, na ukisoma kwa mazoea ya mikutano yetu unategemea kinachofuata kiwe unabii. Kinachofuata ni kufua dhahabu, kukata vito na kuchonga mbao. Amepewa pia mwenzake, Oholiabu wa kabila la Dani, pamoja na mafundi wengine, wajenge hema ya kukutania. Mafundisho ya kipaimara niliyapita vizuri tu, na karama za Roho nilizikariri. Sikumbuki mtu akinitajia patasi.

Sisemi kwamba niliamka siku moja naonja ndimu. Ulimi ulikuja polepole, ukapotea, ukarudi. Na nikiangalia vizuri, nadhani msaada mkubwa niliupata mahali ambapo sikuutafuta kabisa, kwenye ungamo la Jumapili. Mtu aliyezoea kuulizwa maswali ofisini anaumia kuwa wa mwisho kwa mwalimu aliyezaliwa wakati yeye yuko sekondari, na kinachomuuma zaidi ni kuonwa. Sasa sisi Walutheri kila Jumapili tunasimama wote, mkuu wa wilaya na muuza maparachichi, tunakiri kwa sauti kwamba tumekosa, kisha tunasikia tumesamehewa na ibada inaendelea. Nimefanya hivyo tangu utotoni bila kufikiri kwamba ni mazoezi. Mtu aliyekwisha kuyasema hayo mbele ya majirani zake hadhuriki sana na kijana anayemwambia, "Hapana mama, siyo hiyo."

Baadaye nikaanza kukaanga mwenyewe. Punje mbichi ni za kijanikijani na zinanukia nyasi. Zikipata moto zinakuwa njano, kisha kahawia, na karibu na nyuzijoto 200 zinaanza kupasuka kama bisi. Kuanzia hapo unaamua kwa sekunde: toa sasa au acha iive zaidi. Kilo 10 mbichi hutoka kama kilo 8.5, kwa sababu unyevu umekwenda na mvuke. Mkaangaji ndani yangu anafurahia harufu. Mhasibu bado analilia ile kilo moja na nusu aliyoilipia.

Pakiti yangu ya kwanza yenye nembo niliipeleka kanisani. Kwa wasiojua, sharika zetu za KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, huku zina mnada baada ya ibada. Asiye na fedha taslimu analeta mkungu wa ndizi, jogoo, trei la mayai, dumu la maziwa. Vinanadiwa pale nje, na fedha inaingia sadakani. Mnadi wetu, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuvuka mto, aliipandisha pakiti vizuri sana. Baba mmoja akainunua, akatangaza kwamba anamzawadia mwenyekiti wa kwaya. Mwenyekiti akashukuru, akairudisha mnadani. Mama mmoja akainunua, akampa mwinjilisti. Mwinjilisti akaibariki, akairudisha. Watu walicheka na kushangilia, nami machozi yakanilenga kwa upendo ule, mpaka nilipotambua kwamba hakuna aliyekuwa anaitaka. Hawa ni wakulima wa kahawa. Wanakunywa chai! Pakiti ile iliiingizia sadaka fedha kuliko jogoo, ikaishia kwa mchungaji, naye katikati ya wiki akanipigia: "Mama, hii inachemshwa na maziwa, au maziwa yanakuja baadaye?"

Kwa hiyo soko langu liko kwingine, kwenye hoteli za mjini na kwa wageni wanaoshuka mlimani wakitaka kitu cha kupeleka kwao.

Sasa fedha. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapodanganyana.

Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, tuliyoikariri wote kwa kipaimara, inauliza mkate wetu wa kila siku ni kitu gani. Jibu lake ni orodha ndefu. Chakula na mavazi, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, serikali njema, hali nzuri ya hewa, amani, afya, marafiki wema, majirani waaminifu. Nilipokuwa na mshahara niliipita orodha ile mbio. Siku hizi naisoma polepole kwa sababu kila kilichomo kimegeuka kipengele cha biashara yangu. Hali ya hewa ni mvua inayokuja wakati kahawa iko kichanjani na kuiletea ukungu. Serikali ni leseni na kodi. Jirani mwaminifu ni mkulima anayenichumia nyekundu tupu bila kunifichia mbichi chini ya ndoo.

Kisha kuna mana. Waisraeli waliambiwa waokote ya siku moja, na waliyoilaza iliingia mabuu ikanuka. Mahubiri mengi hukomea hapo na kutuambia tusijisumbue na kesho. Lakini kahawa ya mlima huu inavunwa kati ya Julai na Desemba, na anayetaka kuuza mwaka mzima lazima anunue magunia wakati huo. Nilihangaika na jambo hili kuliko nilivyomwambia mtu. Mwishowe nikasoma mbele kidogo: siku ya sita waliokota maradufu, ikalala, na haikunuka. Kuweka akiba kulikuwa na siku yake. Nikaenda kwenye kikundi nikakopa fedha za magunia, na nikalala.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, na kwa sala ananizidi. Hata hivyo katika jambo hili yeye ndiye mwenye mashaka. "Mama," ananiambia, "mimi naomba pamoja nawe, lakini Januari shule itataka shilingi." Simlaumu. Tumepatana kwamba ada ya watoto haiguswi na kahawa hata iweje, na mapatano hayo yamelinda ndoa yetu kuliko semina yoyote ya wanandoa.

Niliwahi kualikwa kwenye maombi ya wajasiriamali. Mhubiri alisema anayetaka biashara yake ivuke apande mbegu inayouma, halafu akafafanua kwamba inayouma ni mtaji. Mama aliyeketi kando yangu alifungua mkoba akatoa bahasha nene. Mimi sikutoa. Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa ya wanawake wenzangu, na sadaka ya fedha ya mwenzio ina jina lingine. Yule mama namfikiria mpaka leo. Katika Luka 14 ni Yesu mwenyewe anayeuliza nani anataka kujenga mnara asiketi kwanza kuhesabu gharama. Sijawahi kuusikia mstari huo kwenye mikutano ya namna ile, na sababu naielewa.

Isidhaniwe kwamba anayekaa mbali na mikutano hiyo ndiye mwenye raha. Kuna majuma ambayo sala haikunipa chochote, hata usingizi. Hoteli moja ilichukua kahawa yangu ikaahidi kulipa mwisho wa mwezi, ikaja miezi mingine na ahadi zake. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne kabla haijaomba kitu chochote. Nimeisoma kwa Mungu mara nyingi, na nimetamani kuituma kwa meneja wa hoteli. Niliacha kutafuta amani katika majuma hayo. Nilisoma zaburi, nikapiga simu ya kudai, nikawasha mashine.

Mwaka huu, sikukuu ya mavuno ilipokaribia, mwinjilisti alinifuata. "Mama, tunakuomba ushuhuda. Tunaona Mungu amekuinua."

"Mwinjilisti, mimi bado nadaiwa."

Akanitazama kidogo. "Basi tuambie hilo."

Sidhani alimaanisha, ila nilisimama. Nikasema nilikuwa na kazi, sasa nina nyingine ambayo bado najifunza, nadaiwa na kikundi, nami namdai mtu, Mungu namwomba kila siku na hajanionyesha mwisho wake. Nikaketi. Vigelegele havikupigwa. Nyuma kabisa mtu mmoja alisema Amina kwa sauti ya kuuliza.

Nje, mnada ukiendelea, wanawake wawili walinijia, kila mmoja kwa wakati wake na kwa sauti ya chini. Mmoja amepunguzwa ualimu kwenye shule binafsi, anajifunza kushona. Mwingine alikuwa mapokezi hotelini, sasa anafuga kuku wa mayai, na vifaranga vyake vingi vimekufa. Wote wawili walidhani usharika mzima umeshapata isipokuwa wao.

Siku hizi tunakutana Jumanne alfajiri, kabla sijawasha mashine, kila mtu na daftari lake. Tunasoma kifungu kifupi, tunaomba, kisha tunafungua madaftari, na anayedaiwa anataja ni kiasi gani na ni nani anayemdai. Wiki iliyopita hatukufika hata kwenye kifungu. Muda wote uliishia kwenye bei ya chakula cha kuku.